Milimita Tano

Makarius Ngonyani alipopigwa na kiharusi, Kwaresima ya mwaka tisini na moja, mkono wake wa kulia ulikufa na maneno yote yakamtoka isipokuwa moja. Lililobaki ni "haya." Ukimpa uji, haya. Ukimwuliza kama ana maumivu, haya. Ukimwambia mvua inanyesha na kumbe jua linawaka, haya vilevile. Mkewe Kunegunda, ambaye Bombambili nzima ilimwita Mama Odilia, alikaa mwezi mzima akijaribu kuzitofautisha hizo haya, kwa sauti na kwa macho, akashindwa.

Makarius alikuwa fundi baiskeli, na kazi yake aliifanyia barazani pa nyumba yao. Kunegunda alikuwa ameishi kando ya kazi ile miaka kumi na minane. Kuziba pancha, kukata mnyororo, kutia grisi na gololi, hayo aliyafanya hata mume alipokuwa mzima. Kusuka ringi hakuwahi. Kuzipitisha spoku kutoka kwenye habu, ule mtungi mdogo wa katikati unaozunguka kwenye ekseli, hadi kwenye ringi, na kuzikaza mpaka gurudumu litulie, hiyo ilikuwa kazi ya Makarius mwenyewe. Wala hakuwahi kumwona akipima urefu wa spoku. Zamani haja haikuwapo. Baiskeli zilizoletwa zilikuwa za aina moja, habu aina moja, spoku aina moja. Ikivunjika unatafuta mwenzake.

Kisha biashara ikafunguliwa. Kila mwenye nauli alikwenda Dar es Salaam na kurudi na alichokipata, na barazani pakaanza kuletwa habu nyembamba, habu nene, ringi zenye matundu mengi na zenye machache, kila kimoja kimetoka nchi yake. Makarius alizipatia zote. Alivyozipatia, alijua mwenyewe.

Mwezi wa nne Kunegunda alisuka ringi yake ya kwanza, ya mtu anayeitwa Athanasi, mchukuzi wa mahindi. Spoku alizopata zilikuwa fupi kidogo. Aliona kwamba nati zimeshika hesi mbili tatu tu, ile mikato ya mwisho wa spoku inayofungia nati, lakini gurudumu lilizunguka vizuri na Athanasi alikuwa na haraka. Siku ya tatu, kwenye mteremko wa Matarawe, akiwa na gunia nyuma, spoku zilichomoka moja baada ya nyingine na gurudumu likakunjika. Athanasi akavunjika mfupa wa bega. Kunegunda alipokwenda kumpa pole na kuku mkononi, Athanasi alimwambia, "Ni ajali, mama. Barabara ile mbaya." Alisema hivyo kwa upole kabisa, na Kunegunda akarudi nyumbani akiwa mzito kuliko alivyokwenda. Tangu siku hiyo alikuwa akiwaambia watu ringi hasuki.

Juni, wakati wa baridi, alikuja Nesi Judica.

Judica alikuwa Mpare, msichana mrefu wa miaka ishirini na sita, aliyehamishiwa Songea mwaka uliotangulia. Alikuja akiwa amebeba ringi mpya begani na habu mpya kwenye kapu. Gurudumu lake la mbele lilikuwa limeingia kwenye kalavati na kupinda vibaya.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Pole."

"Naomba unisukie hii. Mzee wa stendi amenambia hapa ndipo."

"Hapa ndipo palikuwa," Kunegunda alisema, akatazama upande wa Makarius, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha mwanzi karibu na mlango, blanketi magotini. "Mimi ringi sisuki."

Judica hakuondoka. Alikaa kwenye benchi, akaeleza taratibu kwamba surua imeingia Maposeni. Watoto watatu walikuwa wameshazikwa. Gari la zahanati lilikuwa juu ya magogo tangu Pasaka. Kasha la barafu la chanjo yeye hulifunga kwenye keria na kwenda nalo kwa baiskeli, na sasa alikuwa anaomba lifti kwenye malori. Siku akipata anafika saa nane, barafu imeshayeyuka, anarudi na chanjo zilezile. "Mafundi wengine wawili wameiona habu hii wakanirudishia," alisema.

Kunegunda akaitoa habu kwenye kapu. Akaelewa mara moja kwa nini waliirudisha. Masikio yake, zile sahani mbili za pembeni zenye matundu ya spoku, yalikuwa mapana kama kisosi. Habu za mbele alizozizoea zilikuwa na masikio madogo ya kutosha kwenye kiganja cha mtoto. Masikio yakiwa mapana, safari ya spoku hadi kwenye ringi inakuwa fupi, na spoku za kawaida, alizokuwa nazo pakiti nzima ndani, zingekuwa ndefu mno: nati ingefika mwisho wa hesi kabla spoku haijakaza, na ncha ingetokeza ndani na kutoboa mpira. Zilihitajika spoku fupi. Fupi kiasi gani, hapo ndipo penye shimo.

Alimtazama Makarius. "Baba Odilia, nifanyeje?"

"Haya," Makarius akasema.

Abdulhamid ndiye aliyeharakisha mambo. Alikuwa mfanyabiashara wa Tunduru aliyekuja Songea kila mwezi, akipita kwa mafundi kuchukua oda kabla ya kupanda basi la Dar es Salaam. Alifika siku hiyohiyo ya Jumanne, saa tisa alasiri, na alikuwa anaondoka kesho yake alfajiri.

"Nitakuletea, Mama Odilia, inshallah siku ya nane niko hapa," alisema. "Lakini nipe namba. Milimita. Zamani ulikuwa unasema 'za mbele' au 'za nyuma', basi. Sasa hivi wana makasha ukutani, kila kasha na namba yake, na ukishanunua hawarudishi."

"Nikikupa waya wenye urefu huo?"

"Waya utajikunja kwenye mfuko. Nipe namba. Napita saa kumi na mbili kasoro, kisha nakwenda Mfaranyaki kwa ndugu zangu, huko ndiko nitakakolala."

Akaondoka. Kunegunda alikuwa na saa tatu.

Aliilaza ringi sakafuni. Akafunga nyuzi za katani kutoka tundu hadi tundu lililoelekeana nalo, akaining'iniza habu katikati, akazivuta na kuzilegeza mpaka umbali ukawa sawa pande zote. Akatia nati mbili kwenye matundu ya ringi. Kisha akachukua waya mwembamba wa kufungia nondo, akaukunja ncha, akauingiza kwenye tundu la habu. Hapo akasimama. Spoku haiendi moja kwa moja. Inakwenda kwa mshazari, inapishana na wenzake watatu njiani. Alihesabu matundu kwa kidole, akakosea, akahesabu tena. Akaweka waya mmoja wa kwenda kulia na mwingine wa kwenda kushoto, akaizungusha habu kidogo kidogo mpaka nyaya mbili zikalingana. Kila alipogusa waya habu ilicheza kwenye nyuzi na kazi ikaanza upya.

Saa kumi na moja alikuwa na waya uliokatwa. Sasa kuupima. Rula ya chuma ya Makarius ilikuwa haijaonekana tangu siku alipoanguka, kwa hiyo alikwenda nyumba ya pili kwa Mwanne, fundi cherehani, akaazima tepu. Akaunyoosha waya kwenye meza, akaibana tepu kwa vidole.

Milimita mia mbili themanini na saba. Akapima tena: themanini na tisa. Tena: themanini na tisa. Mara ya nne: tisini.

Makarius alianza kupiga mkono wa kiti. "Haya," alisema. "Haya. Haya. Haya."

"Jua linakuchoma?" Kunegunda aliuliza bila kugeuka. Akainuka, akakisogeza kiti kivulini, akarudi kwenye meza. Makarius akaendelea kupiga, kwa kiganja cha kushoto, uso umekunjamana. Akampa maji, akayakataa. Akamwinua kumpeleka chooni, naye akajitia uzito asiende. Kunegunda akamrudisha kitini kwa nguvu kidogo. "Ngoja basi, mume wangu. Ngoja nimalize."

Abdulhamid alipopita, Kunegunda alimpa karatasi. Alikuwa ameiandika 289. Abdulhamid akaitia kwenye mfuko wa shati, akawaaga kwa salamu, akaondoka.

Ilikuwa wakati wa kula. Kunegunda alikuwa amekaa mbele ya Makarius na sahani ya ugali na kisamvu, akimlisha tonge, wakati mume aliposhika pindo la khanga yake kwa mkono wa kushoto. Akalivuta. Kunegunda akadhani amejishikiza asianguke. Akalivuta tena, taratibu, huku anamtazama machoni. Akaliachia, akalishika, akalivuta.

"Nini, Baba Odilia?"

Hakusema haya. Alivuta tu, na khanga ilikuwa kuukuu, ikafuata mkono wake.

Kunegunda akaweka sahani chini. Alitazama pindo lile lililolegea. Tepu ya Mwanne ilikuwa ya kitambaa. Ilikuwa na miaka mingapi? Wiki iliyopita Mwanne alikuwa analalamika kwamba sare za wanafunzi, anazozishona kwa namba alizopewa na shule, zinatoka kubwa, wazazi wanazirudisha, na hajui kwa nini.

Alikwenda ndani akafungua pakiti ya spoku za kawaida. Kwenye karatasi yake palikuwa na namba iliyopigwa chapa, namba ambayo hakuwahi kujali kuisoma: 302. Akachomoa spoku moja, akailaza kwenye meza, akaipima kwa tepu ya Mwanne. Tepu ilisema mia mbili tisini na saba.

Milimita tano. Tepu ilikuwa imevutika, mistari yake imetengana, na kila kitu ilikisema kifupi kuliko kilivyo. Aliuweka waya wake kando ya spoku ile. Waya ulipungua kwa upana wa ukucha wa kidole cha mwisho, kama milimita nane. Mia tatu na mbili, toa nane. Mia mbili tisini na nne. Ukichukua 289 ukaongeza tano, ni hizohizo.

Amemwagiza Abdulhamid spoku fupi. Fupi kama zile za Athanasi.

"Ulikuwa unaniambia," alimwambia mumewe. "Tangu jioni ulikuwa unaniambia."

Makarius alifumba macho. Uso wake ulikuwa umelegea, kama wa mtu aliyetua mzigo.

Nyumba ya hao ndugu wa Mfaranyaki Kunegunda hakuijua. Alichukua msumeno wa chuma, akaikata spoku ile ya kawaida ilingane na waya; hesi ziliondoka na kipande, lakini hiyo ilikuwa ya kupimia tu. Kisha akaisugua ncha, akaifunga kwenye kitambaa. Akalala bila kulala. Jogoo wa kwanza walipowika alikuwa ameshavaa, na alimgongea Mwanne dirishani.

"Mwanne mdogo wangu, niangalizie mzee. Nakwenda stendi."

"Kuna msiba?"

"Bado," alisema Kunegunda.

Ukungu ulikuwa mzito, wa kuloanisha nyusi. Alipanda baiskeli ya Makarius, ambayo ilikuwa ndefu kwake, na kila mzunguko wa pedali alilazimika kuinuka kwenye siti. Njia nzima aliwaza kwamba Abdulhamid si mtu wa kuchelewa, kwamba basi halingoji, kwamba Judica akirudishiwa tena siku nyingine nane zitapita. Na wazo baya kuliko yote, kwamba spoku zile fupi zitakuja, na yeye, kwa kuona haya kusema amekosea, atazifunga. Alijijua. Alishafanya hivyo mara moja.

Stendi alikuta mwanamke anauza maandazi.

"Basi la Dar?"

"Limetoka sasa hivi. Leo lilijaa mapema."

"Sasa hivi lini?"

"Hata moshi wake haujaisha," yule mwanamke alisema.

Akageuza baiskeli kuelekea barabara ya Njombe. Basi hulifikii kwa baiskeli, hilo alilijua. Lakini alijua pia kwamba mbele kulikuwa na kizuizi cha mazao, na kwamba pale kila basi husimama, mizigo ikaguliwe. Wakati mwingine dakika tano, wakati mwingine nusu saa. Inategemea nani yuko zamu na nani amebeba mahindi. Alikanyaga. Kwenye mpando alishuka akasukuma akikimbia, kandambili moja ikabaki nyuma, hakuirudia. Kifua kilimwuma. Alikuwa na miaka arobaini na tatu na hakukumbuka mara ya mwisho kukimbia ilikuwa lini.

Aliliona basi kutoka mbali, taa nyekundu mbili kwenye ukungu. Halafu akaona taa zinasogea.

Akapiga kengele. Hapakuwa na jambo jingine la kufanya; alipiga kengele ile ya baiskeli kama mtu aliyeibiwa, akaiachia breki kwenye mteremko wa mwisho. Mlinzi wa kizuizi ndiye aliyemwona mwanamke anateremka kwa kasi, mguu mmoja pekupeku, khanga imefunguka kichwani. Akagonga ubavu wa basi kwa fimbo. Basi likasimama.

Abdulhamid alitoa kichwa dirishani. "Mama Odilia? Kuna nini, mzee vipi?"

"Mzee mzima," Kunegunda alisema, akahema kwanza. "Namba. Namba niliyokupa si yenyewe. Andika tisini na nne. Mia mbili tisini na nne."

Abdulhamid akatoa ile karatasi, akatafuta kalamu. Abiria walichungulia madirishani. Dereva akapiga honi.

"Una hakika sasa?"

Kunegunda alitaka kusema ndiyo. Akamtazama mtu yule, ambaye angebeba maneno yake hadi Dar es Salaam na kurudi. "Sina hakika sana," alisema. "Lakini themanini na tisa ni uongo, nilipima kwa tepu iliyovutika. Chukua na hii." Akampa spoku iliyofungwa kwenye kitambaa. "Wakikuletea, uisimamishe kando. Ikiwa fupi kuliko hii, usinunue kabisa. Bora urudi mikono mitupu."

"Na isipopatikana sawasawa?"

"Ndefu kwa milimita moja, chukua. Fupi, usichukue."

"Inshallah," alisema Abdulhamid, na basi likaondoka.

Siku nane zile zilikuwa ndefu. Judica alipita karibu kila jioni, akitoka kusubiri malori. Jumamosi alisema wamezika mtoto wa nne. Hakulaumu wala kuuliza spoku zitafika lini. Alikaa tu kwenye benchi dakika chache, akanywa chai, akaondoka. Kunegunda alirudia kupima. Aliitundika habu tena kwenye nyuzi, akachukua waya mpya, akapata ukucha uleule. Kesho yake akarudia, akapata zaidi kidogo, akakosa raha siku nzima, mpaka alipogundua uzi mmoja umelegea. Kila alipopima sasa alikigeuza kiti cha Makarius kimwelekee, akamwonyesha waya, kisha spoku, akimtazama mkono badala ya mdomo. Makarius aliposhika waya akaurudisha mezani, Kunegunda aliendelea. Alipoushika asiuachie, alianza upya.

Abdulhamid alirudi siku ya tisa, Alhamisi. Alikuwa na pakiti ndogo ya karatasi ya kaki, na juu yake imeandikwa 295.

"Tisini na nne hawana," alisema. "Kulikuwa na tisini na mbili na hizi. Nilisimamisha spoku yako kando mbele ya muuzaji, akadhani nina wazimu."

Kunegunda alianza kusuka palepale. Spoku nane za kwanza, za upande mmoja, zilikwenda. Nane za upande wa pili. Kisha zile za kurudi kinyume, za kupishana na wenzake watatu, ambazo ndizo zinazosema ukweli. Alizipinda kidogo kwa kiganja kuzipitisha, akatia nati moja moja, akazizungusha kwa vidole zote sawa, kisha kwa spana. Nati ilipanda kwenye hesi. Aliinama akaiangalia. Iliyobaki nje ilikuwa mikato sita. Akakaza zamu nyingine, ringi yote. Mitatu. Spoku zikaanza kutoa sauti zikiguswa. Alisubiri ile dalili mbaya, nati kugota mwisho wakati spoku bado imelegea. Nati haikugota. Akakaza zamu ya mwisho, na hesi zikafichika zote, na alipochungulia ndani ya ringi akaona ncha ya spoku imelingana na kichwa cha nati, haikuzidi.

Akazitazama zote thelathini na mbili, moja baada ya nyingine, kwa kidole. Mbili zilizidi kidogo. Akazipiga tupa.

Judica alitaka kuondoka na gurudumu jioni ileile. Kunegunda alikataa. Asubuhi Judica alileta baiskeli, naye Kunegunda akalifunga gurudumu, akapakia mfuko wa mahindi kwenye kikapu cha mbele na gunia kwenye keria, akaiendesha baiskeli mwenyewe mtaa mzima kwenda na kurudi, penye mashimo asikwepe. Akashuka, akazigusa spoku tena. Nne zilikuwa zimelegea, akazikaza.

"Nenda," alimwambia Judica. "Lakini ukisikia sauti yoyote ya kukatika, hata moja, shuka. Usijali chanjo. Shuka."

"Nimesikia, mama."

Judica akafunga kasha la barafu, akaondoka saa moja na nusu. Kunegunda hakufanya kazi ya maana siku ile. Aliziba pancha moja, ikavuja, akaiziba tena. Kila pikipiki iliyopita ilimfanya ainue kichwa, akidhani ni mtu anamletea habari. Saa tisa alisimama barabarani. Saa kumi akarudi ndani, akamwogesha Makarius, akamwambia, "Labda amelala hukohuko." Makarius alimshika mkono, hakuuachia.

Saa kumi na mbili kasoro Judica alifika. Alikuwa mwekundu kwa vumbi hadi kwenye kope. Alishuka, akaisimamisha baiskeli kwenye ukuta, akakaa kwenye benchi kama mtu aliyekatwa miguu.

"Wangapi?" Kunegunda aliuliza. Hilo halikuwa swali alilotaka kuuliza.

"Sitini na watatu. Barafu ilifika nzima. Kesho nakwenda upande wa pili."

"Na gurudumu?"

Judica akafikiri. "Gurudumu halina neno," alisema. "Kengele ndiyo imelegea, mama. Inalia yenyewe njia nzima."

Kunegunda akaenda kuchukua bisibisi.